Kombora Halina Nyayo

Ng'ombe akiibwa usiku upande huu wa Nyakunguru, kinachotangulia ni yowe. Anayelisikia hulipokea na kulipeleka mbele, na kabla maji ya chai hayajachemka watu wameshajua zizi la nani limevunjwa na mifugo imeswagwa kuelekea wapi. Baada ya yowe ni nyayo. Vijana huinama, husoma ukwato kwenye umande, huufuata hadi ukingoni mwa Mto Mara, huvuka na kuuokota tena upande wa Serengeti. Kwa desturi ya Wakurya, kijiji ambamo nyayo zimeishia ndicho chenye kujibu: ama kionyeshe zilikotokea, ama kilipe. Iritongo, baraza letu la jadi, ikiketi kusikiliza shauri, haiulizi nani ana silaha kali kuliko mwenzake. Inauliza nyayo zimeishia wapi.

Swali hilohilo ndilo ninaloliweka leo mbele ya makombora. Tangu jioni ya tarehe 23 Juni 2025, Iran ilipoirushia makombora kambi ya Al Udeid nchini Qatar, vijiwe vyetu vimejaa wataalamu. Si ajabu. Koo nyingi sasa zina mtoto Doha, Muscat au Dubai, na video za anga inayowaka ziliingia kwenye simu zetu hata taarifa ya habari ya saa mbili haijasomwa. Kwenye benchi la kahawa nimesikia hoja mbili zikirudiwa mpaka zimekuwa kama kanuni. Ya kwanza, kwamba vita vya siku hizi ni vya angani, na askari wa kutembea kwa miguu amebaki wa gwaride la Sikukuu ya Uhuru. Ya pili, kwamba serikali ichukue fedha ya dhahabu inayochimbwa hapa hapa, inunue ngao kama ya Israel, tulale usingizi.

Mimi nimekula mshahara wa mambo haya muda mrefu, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na hesabu.

Ngao ya makombora si ukuta wala mwavuli, ingawa magazeti hupenda kuiita hivyo. Ni mnyororo wa kazi nne: kuona, kutambua, kuamua, kufyatua. Rada iliyosimama ardhini huona kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kitu kinachoruka mita 100 juu ya ardhi hakiwezi kuonekana mpaka kifike umbali wa kilomita 50 hivi, na hapo ni pale ambapo ardhi ni tambarare. Weka vilima vya Tarime katikati, umbali huo unapungua sana. Droni inayokwenda kilomita 180 kwa saa itakuachia robo saa ya kufanya kazi zote nne. Kombora la kusafiri chinichini, lenye mwendo wa ndege ya abiria, litakuachia dakika tatu. Lile linalorushwa juu na kushuka kama jiwe la kombeo huonekana mapema zaidi kwa sababu limepanda, lakini kwa umbali wa kilomita 500 safari yake yote haifiki dakika kumi.

Halafu kuna bei na eneo. Kombora moja la kisasa la Patriot hugharimu karibu dola milioni 4. Droni ya aina ya Shahed ambayo huenda likatumwa kuiangusha hugharimu makumi ya maelfu tu ya dola. Ni kama kumrushia ng'ombe mwizi wa kuku: hata ukimpata, nani kashinda? Na betri moja ya mitambo hiyo hulinda mji, kambi au bandari. Hailindi nchi. Israel nzima inakaribiana kwa ukubwa na nchi kavu ya mkoa wetu wa Mara, na bado imelazimika kupanga ngao juu ya ngao: moja ya roketi za karibu, nyingine ya makombora ya masafa ya kati, nyingine ya yale yanayopita nje ya angahewa. Tanzania ina kilomita za mraba zaidi ya 900,000. Anayetaka kuifunika yote aje na mgodi wa dhahabu kila kata.

Hata hivyo bei siyo iliyonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni Musoma.

Mwaka 1978, vita vya Kagera vilipokuwa vichanga kabisa, askari wa ulinzi wa anga waliowekwa Musoma waliona ndege za kivita zikija juu yao. Mji ulikuwa na hofu na ulikuwa na haki ya kuwa nayo; ndege za Idi Amin wa Uganda zilikuwa zimekwisha kudondosha mabomu Bukoba na watu walikuwa wamekimbilia vijijini. Askari wale walifyatua, na wakalenga vizuri. Ndege tatu zilianguka. Zilikuwa za Tanzania.

Rudieni ule mnyororo wangu. Kuona: waliona. Kuamua: waliamua upesi. Kufyatua: hakuna mwalimu wa shabaha ambaye angewanyima alama. Kiungo kilichokatika ni kile cha pili, cha kutambua, na kiungo hicho hakiuzwi kiwandani. Kinatengenezwa na mtu aliyeko Mwanza kumwambia mtu aliyeko Musoma kwamba ndege zetu zitapita saa fulani, kwa kimo fulani, na huyo wa Musoma kumwambia kijana aliyeshika mtambo. Ni yowe. Yowe halikufika.

Na msidhani ni ushamba wa jeshi changa. Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran nchini Saudi Arabia, betri ya Patriot ya jeshi la Marekani ilikuwa imeachwa ikifanya kazi zaidi ya saa 100 mfululizo bila kuzimwa. Programu ya kompyuta yake ilikuwa na kosa dogo mno la kuhesabu saa, ambalo lilijilimbikiza hadi kufikia theluthi moja ya sekunde. Katika theluthi hiyo kombora la Scud husogea zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu, na Scud ikaanguka kwenye bweni na kuua askari 28. Musoma waliangusha walichokiona bila kukitambua. Dhahran walitazama pasipo na kitu. Katika mikasa yote miwili chuma kilikuwa kizima, na tatizo lilikuwa la watu na taratibu zao.

Hapa niongeze neno la pembeni kwa wanaopenda ununuzi. Tumeshawahi kununua rada. Mkataba na kampuni ya Uingereza ya BAE ulitugharimu pauni milioni 28, kwa mtambo ambao Benki ya Dunia na wataalamu wa usafiri wa anga walisema ni ghali mno na si wa mahitaji yetu. Kesi ilifika London, na mwaka 2010 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Ndiyo ile "chenji ya rada" iliyonunua vitabu na madawati. Nchi iliyowahi kupata madawati kutokana na rada ina sababu ya kusoma mikataba ya ngao kwa miwani. Baadaye, kwa bahati njema, tumefunga rada nne za usafiri wa kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni nzuri na zinaingiza fedha. Lakini rada ya kuongozea ndege za abiria hutegemea sana ndege ijitambulishe yenyewe kwa chombo chake cha kujibu. Adui hajibu hodi.

Turudi Kagera, maana ndivyo vita pekee ambavyo taifa hili limepigana lenyewe dhidi ya jeshi la nchi nyingine lenye ndege, vifaru na roketi, na tunavikumbuka zaidi kwa nyimbo kuliko kwa mafunzo.

Chukua Daraja la Kyaka. Mwanzoni mwa Novemba 1978, baada ya Amin kutangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera ni yake, makamanda wake walitaka daraja livunjwe ili Watanzania wasivuke. Wakatuma ndege. Mabomu yakaanguka mtoni, yakaanguka kando, daraja likabaki limesimama huku mizinga yetu ikiwafukuza marubani. Mwishowe walimleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, akafunga mzigo wake kwenye nguzo kwa mikono. Tarehe 3 Novemba daraja likaanguka. Jeshi zima la anga lilishindwa kazi iliyofanywa na fundi wa mgodi aliyefika pale mwenyewe. Watu wa Nyamongo, kwenye mgodi wetu wa dhahabu, wanaojua baruti kuliko wanavyojua ndege, watanielewa.

Sisi nasi tulikuwa na chuma kinachoruka. Mtambo wa BM-21 hubeba roketi 40 juu ya lori na huzimwaga zote kwa sekunde 20 hivi, hadi umbali wa kilomita 20. Askari wa Amin waliuita Saba Saba, na mlio wake uliwatia hofu kabla hata roketi hazijatua. Hofu hiyo ilikuwa na faida kubwa, lakini haikurudisha hata ekari moja. Ekari zilirudi pale wahandisi walipotandika daraja la muda juu ya Kagera na askari wakavuka.

Baada ya hapo ndipo inapokuja Lukaya, na hapa naomba nafasi.

Machi 1979 majeshi yetu yalikuwa yamekwisha kutwaa Masaka na yakielekea Kampala kwa barabara inayopita katikati ya kinamasi kikubwa. Kamanda wa Divisheni ya 20 alikuwa David Msuguri, mtoto wa Butiama, askari wa tangu enzi za King's African Rifles. Mbele aliiweka Brigedi ya 201, yenye mgambo wengi ambao miezi michache nyuma walikuwa wanalima. Gaddafi wa Libya alikuwa ametuma watu wake kumwokoa Amin, na jioni ya tarehe 10 walifungua kwa roketi za Katyusha. Roketi zilipita juu. Ziliwavuka vijana wetu na kuanguka nyuma yao, na kwa hesabu ya chuma peke yake hazikufanya lolote. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kusikia kitu kama kile, sauti inatosha. Brigedi ikavunjika, wengi wakakimbia.

Hiyo ndiyo kazi halisi ya kombora katika vita vingi: kumwondoa mtu mahali aliposimama. Likifanikiwa, ardhi inabaki tupu. Na ardhi tupu haina mwenyewe mpaka afike mtu.

Usiku ule, Msuguri alikuwa na brigedi nyingine, ya 208, kilomita nyingi kaskazini magharibi. Kamanda wake alikuwa Brigedia Mwita Marwa, na kwa jina hilo hapa kwetu hakuna atakayeuliza anatoka kabila gani. Ikaamriwa izunguke. Watu wakatembea usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 11 walikuwa wameikalia barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Brigedi ya 201 ikajikusanya ikapiga kutoka mbele, ya 208 ikapiga kutoka nyuma. Walilibya na askari wa Amin walioachwa wamekufa pale walizidi 400. Roketi zilishinda jioni. Nyayo zilishinda asubuhi. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka.

Baba yangu mkubwa alikuwa katika vita hivyo. Hakupenda kuvieleza, lakini siku moja nilimpata kwenye hali nzuri nyuma ya nyumba, akichonga mpini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Eti baba, kule mlikuwa mnaogopa ndege?"

Akaendelea kuchonga. "Ndege unaisikia ikija na unaisikia ikiondoka. Mtu, ukishamsikia, amefika."

Mwisho wa Machi, Gaddafi alijaribu njia ya mkato. Ndege ya Tu-22, inayokwenda kasi kuliko sauti, ilivuka ziwa kuja Mwanza ikitafuta matangi ya mafuta. Ikaukosa mji. Silaha zake ziliangukia Kisiwa cha Saanane, zikamjeruhi mfanyakazi mmoja wa hifadhi na kuua swala kadhaa. Wazee wa Mwanza bado wanacheka wakikumbuka, na mimi hucheka nao, lakini kwa mashaka. Kwa sababu leo silaha ya kazi ileile isingekosa.

Hapo ndipo wale wa benchi la kahawa wana haki yao, na ni lazima niwape. Mwaka 1979 bomu lilikuwa kipofu. Sasa lina macho, na macho hayo yameuzwa hadi kwa makundi ya msituni. Kule Ukraine, kilomita kadhaa kila upande wa mstari wa mapambano hapapitiki mchana bila kuonekana na droni. Msafara kama ule uliokwenda Lukaya kwa barabara ungeteketea kabla ya kuona kinamasi. Brigedi inayokusanyika mahali pamoja ni zawadi kwa adui. Askari wa nchi kavu wa leo hutembea wawili watatu, hulala chini ya ardhi, huzima simu yake, na hubeba mtambo wa kuvuruga mawimbi kama alivyokuwa akibeba sepetu. Jeshi litakalopigana kwa mtindo wa 1979 kwa sababu mwaka 1979 lilishinda litazikwa kwa heshima zote.

Lakini angalia droni hizo zimebadilisha nini na hazikubadilisha nini. Zimebadilisha namna ya kutembea. Hazikuondoa ulazima wa kutembea. Urusi imerusha maelfu ya makombora na droni tangu Februari 2022, na bado kijiji huhesabiwa kuwa chake siku ile tu askari wake anapoingia kwenye nyumba ya mwisho.

Mfano unaouma zaidi ni wa tarehe 7 Oktoba 2023. Israel ilikuwa na ngao ambayo dunia nzima iliionea wivu, na siku ile ngao hiyo ilifanya kazi: iliangusha roketi nyingi. Wakati macho yakiwa juu, watu wa Hamas walikata uzio wa Gaza kwa baruti na matingatinga, wakapita kwa pikipiki na kwa miguu. Vituo vya jeshi vilivyokuwa karibu vilikuwa na watu wachache, kwa kuwa kamera na vihisio viliaminiwa kufanya kazi ya mlinzi. Miongoni mwa waliouawa walikuwa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Tulipokea msiba huo hapa kama msiba wetu, na sikuona mtu aliyeuliza ngao ilikuwa wapi. Ngao ilikuwa kazini. Aliyekosekana ni askari wa doria.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020: uwanja wa ndege unaotumiwa na Wakenya na Wamarekani, wenye ndege za upelelezi zinazoweza kuhesabu mbuzi wa Somalia kutoka angani. Al-Shabaab walipita kwenye vichaka vya mikoko na miti alfajiri, wakafika uwanjani, wakaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege kadhaa zikiwa zimeegeshwa. Jicho lililotazama mamia ya kilomita halikuona miguuni pake. Na Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002, watu walisimama karibu na uwanja wa ndege wa Moi na kuirushia ndege ya abiria ya Arkia makombora mawili ya SA-7, yale ya kubeba begani. Yalikosa, Mungu alisimama. SA-7 ndiyo silaha ileile ambayo askari wetu waliibeba kwenda Uganda mwaka 1979 na ikawafanya marubani wa Amin waogope kushuka chini. Mikononi mwa jeshi ni ngao, mikononi mwa gaidi ni mkuki, na nani anaishika ni jambo linaloamuliwa kwa doria, vibali, maghala yenye makufuli, na jirani anayeuliza wageni hawa wamepanga nyumba ya nani.

Congo ndiyo darasa la karibu zaidi, na ada yake tumeilipa. Aprili 2024, jeshi la SADC lilitangaza kwamba bomu la mota lilitua karibu na kambi yake Kivu Kaskazini, na askari watatu wa Tanzania wakapoteza maisha. Mota ni bomba la chuma ambalo watu watatu hulibeba mgongoni. Hakuna Patriot ya kuzuia mota, na hata ingekuwepo, nani atalipa dola milioni 4 kuangusha kitu cha bei ya mbuzi wachache? Dawa yake ni handaki lenye paa, mahema yasiyobanana, na doria inayomsukuma mpiga mota mbali mpaka asikufikie. Kinshasa nayo ilikuwa na ndege za Sukhoi na droni za Kichina zenye makombora. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma kwa barabara. Yule aliyekuwa na anga alipoteza mji, yule aliyekuwa na miguu akaupata. Huo ni ukweli mchungu kwa yeyote anayeitakia Congo heri, lakini mtaalamu halipwi kwa kusema matamu.

Sasa nifike nyumbani, maana najua swali: wewe unayekosoa ungenunua nini?

Ningelinda vitu vichache kwa wivu mkubwa na kuacha ndoto ya kulinda kila kitu. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, bandari ya Dar es Salaam, mitambo ya gesi ya kusini. Hivyo vinastahili mizinga, rada zinazohamishika na makombora ya masafa mafupi. Vingine vyote tulivyo navyo ningevilinda kwa akiba: transfoma za ziada zilizofichwa, madaraja ya muda yaliyokwisha kukatwa na kuhesabiwa, mafuta yaliyogawanywa badala ya kurundikwa mahali pamoja pa kuitwa shabaha. Sehemu kubwa ya fedha ningeipeleka Kamandi ya Nchi Kavu, lakini si kwa vifaru vya gwaride. Ningeipeleka kwenye mambo yasiyopigwa picha: redio ambazo hazisikilizwi na adui, mitambo ya kuvuruga droni hadi ngazi ya kombania, na mafunzo ya kutambua ndege. Kuna watu watapuuza hilo la mwisho. Nawaelekeza Musoma.

Na ningewatazama upya mgambo. Ukraine imetandaza maelfu ya vipaza sauti juu ya nguzo nchi nzima, vya bei ya simu ya kawaida, vinavyosikiliza mngurumo wa droni zinazopita chini ya macho ya rada. Sauti inaingia, kompyuta inakisia njia, na ujumbe unakwenda kwa vijana wenye bunduki za rashasha juu ya magari madogo. Mfumo huo uliposimuliwa kwenye mikutano ya kijeshi Ulaya, Wazungu wakausifu ubunifu wake. Mkurya akiusikia atauliza ubunifu uko wapi: hilo ni yowe lililowekewa betri.

Hapa kwetu droni, au ndege nyuki, si kitu kigeni tena. Zimewahi kutumika pembezoni mwa Serengeti kufukuza tembo wanaoingia mashambani, na zilifanya kazi, inadhaniwa kwa sababu tembo huogopa mlio unaofanana na wa nyuki. Droni ile humwondoa tembo shambani usiku huu. Kesho harudi au anarudi, hilo hutegemea kama kuna watu wanaolala shambani na tochi zao. Mgodi nao una ukuta, kamera na walinzi, na bado kila mtu Nyamongo anajua kisa cha vijana wanaoitwa intruda walioingia wakatoka. Uzoefu huu wote tunao, na hatujauhesabu kuwa elimu ya ulinzi.

Tufikiri basi hivi. Ni saa nane ya usiku. Mchungaji yuko na mifugo juu ya kilima, Nyakunguru iko chini imelala, ng'ambo ya mto ni giza la Serengeti. Anasikia mlio. Si pikipiki, maana barabara iko upande mwingine. Si jenereta, maana unasogea. Yeye ana simu ya batani yenye chaji ya kutosha, na mtandao upo. Ampigie nani? Mwenyekiti wa kitongoji? Na mwenyekiti akishaamka, yeye ana namba ya nani? Ofisa wa mgambo wa wilaya? Na huyo anajua kama usiku ule kuna ndege yetu iliyopangiwa kupita kwa kimo kile, ili kijana wa mwisho kwenye mnyororo, yule mwenye kidole kwenye kifyatulio, aambiwe apige au aache?

Mwaka 1978 simu hiyo ilihitajika Musoma. Musoma si mbali na hapa.